Sentimita Tatu

Mwezi uliopita kijana mmoja alinipima kifua kwa utepe wa fundi cherehani, nami nikajua papo hapo ni nani aliyemfundisha. Ilikuwa Mwanza, katika chumba cha baridi chenye mashine ya duara, ile ambayo unalala chali kwenye kitanda halafu kitanda kinakusukuma ndani ya pete. Daktari wangu wa Bukoba alinituma huko nikapigwe picha ya moyo, kwa sababu siku hizi nikitoka dukani hadi kwangu Rwamishenye napumzika njiani mara tatu. Na kwa sababu mimi, niliyekuwa navaa sare ndogo kuliko wenzangu wote, sasa nimekuwa mama mnene wa kupitia mlangoni kiubavu. Kijana aliitwa Mwombeki. Aliniomba niketi wima, nivute pumzi, niishike, akapitisha utepe chini ya makwapa, kisha akaweka viganja viwili, kimoja mgongoni na kimoja kifuani, akaukadiria unene wa kifua kama mtu anayepima mkungu wa ndizi. Nilimuuliza kama mashine yake haipimi yenyewe, maana nami nimefanya kazi ya mionzi miaka thelathini na sidanganyiki kirahisi. "Inapima, mama," akasema. "Ila nimezoea. Mwalimu wetu hakutaka mgonjwa mnene akadiriwe kwa macho." Nikamuuliza mwalimu gani, ingawa nilishajua. "Marehemu Mama Leonida, wa Izigo," akasema, na akaendelea kuandika namba zake.

Leonida alikuwa amekufa miezi minane kabla ya siku hiyo. Sikwenda kumzika. Kwetu kutokwenda kumzika mtu mliyelala naye chumba kimoja ni jambo ambalo watu hulitaja hata miaka kumi baadaye, na najua wanalitaja. Nilisingizia magoti. Magoti yangu ni mabovu kweli, lakini wiki ileile yalinifikisha kwenye harusi Muleba, na harusini nilicheza. Ukweli ni kwamba nilishindwa kusimama kando ya kaburi na kusikia watu wakimsifu, kwa kuwa nilimwonea wivu Leonida tangu nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na wivu ule haukuniacha hata alipolazwa kwenye jeneza. Naandika hivyo kwa sababu nimechoka kuuita majina mengine.

Mwaka wetu ulikuwa ule wa sita baada ya vita na Uganda. Tulikuwa wasaidizi wawili wa chumba cha eksrei katika hospitali ya misheni huko Kamachumu, mimi msichana wa mjini Bukoba, yeye wa migombani Izigo. Tulipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili vya chuma, dirisha moja lililopasuka kioo tangu siku za mabomu, na kasha la risasi lililoachwa na wanajeshi, ambalo tulilisimamisha likawa kabati. Nguo zangu zilikaa rafu ya juu, zake ya chini, na hata hapo zake zilionekana nadhifu kuliko zangu. Alimenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, haraka hadi wapishi wa hospitali wakamwita awasaidie siku za sikukuu. Alipowasalimia wazee alipiga goti lote mpaka chini, hata kwenye sakafu yenye maji ya dawa, na bibi vizee wakawa wanauliza, "Yule mtoto wa Izigo yuko zamu leo?" Mimi nilijua Kiingereza vizuri kuliko yeye, nilisoma maelekezo ya mashine bila kamusi, na hakuna bibi kizee hata mmoja aliyeniulizia. Usiku tulisali pamoja. Yeye aliniombea kwa jina. Nami nilimwombea kwa jina, lakini niliomba kwamba Sista Benigna asimwone.

Sista Benigna alikuwa mtawa aliyetusimamia, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyobabuka kwa dawa za kusafishia filamu. Alikuwa ametuambia mapema mwaka ule kwamba imepatikana nafasi moja ya kwenda Moshi kusomea eksrei kikamilifu, na kwamba mwisho wa mwaka atamtaja mmoja wetu. Nafasi moja, wasichana wawili, chumba kimoja. Tangu siku hiyo kila nilichokifanya nilikifanya huku nikimtazama Leonida kwa pembe ya jicho.

Tatizo letu kubwa lilikuwa wagonjwa wanene wenye ugonjwa wa moyo. Picha ya moyo ya mtu mwembamba haisumbui. Lakini nyama na mafuta humeza mionzi, kwa hiyo filamu ya mtu mnene hutoka nyeupe, daktari haoni ukingo wa moyo, na msaidizi anarudia kwa nguvu zaidi, akizidisha inaungua ikawa nyeusi, anarudia mara ya tatu, mpaka apate. Mionzi yote hiyo inapita katika mwili uleule. Tulikuwa tukimwangalia mtu akiingia mlangoni, tunasema moyoni "huyu ni mkubwa," tunapandisha mashine, tunabonyeza. Filamu zilikuwa adimu, dawa zilikuwa adimu, na Sista alilalamikia filamu. Leonida ndiye wa kwanza kulalamikia watu. Alimwuliza Sista kwa heshima ya kwetu, nami nipo, "Waitu Sista, hawa wanene si tunawachoma mara tatu kwa kosa la macho yetu?" Sista akavua miwani akamtazama. Swali hilo lilikuwa jepesi mno, na mimi na Kiingereza changu sikuwa nimeliuliza.

Jumapili moja alikwenda kwao Izigo akarudi na kipimo. Alikuwa amechukua ubao wa mfuniko wa kasha letu la risasi, zile namba za jeshi bado zinasomeka, akampa fundi seremala amtengenezee mkono mmoja usiosogea na mwingine unaoteleza. Juu ya ubao alibandika kwa gundi kipande cha utepe wa fundi cherehani. Mgonjwa alisimama, akavuta pumzi, Leonida akambana kifua katikati ya mikono ile miwili, akasoma sentimita. Aligundua kwamba wanene wengi unene wao uko kiunoni na mapajani, na kifua chenyewe hakitofautiani sana na cha mtu wa kawaida, kwa hiyo tulikuwa tunawapa mionzi ya makalio kwenye moyo. Alizungusha kanga ya kubana matiti pembeni, alifunga milango ya taa ya mashine mpaka mwanga ukaangukia moyo tu badala ya kumwagika hadi tumboni, alipandisha nguvu akapunguza muda. Kila kitu alikiandika katika daftari la shule: sentimita kadhaa, namba kadhaa. Kwa miezi miwili hatukurudia picha ya mtu mnene hata mmoja. Nilichukia ubao ule kiasi kwamba nilipoukuta juu ya meza nilikuwa nauhamisha bila sababu.

Siku iliyonimaliza nilikuwa chumba cha giza, filamu iko ndani ya dawa, mlango haufunguliwi. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao nyembamba. Nikamsikia Daktari wa hospitali akimwambia Sista kwamba wa mjini anajua vitabu, lakini wa Izigo anamjua mgonjwa. Sista akajibu, "Nimeshaamua. Labda atokee kuniangusha." Nilisimama pale katika taa nyekundu, mikono ndani ya maji, nikilazimika kuhesabu dakika za filamu huku nasikia maisha yangu yakigawiwa mtu mwingine. Filamu niliyoitoa ilikuwa nzuri. Nilitamani kuipasua.

Sasa nimtaje Ma Pelagia. Alikuwa na hoteli ya chakula pale senta ya Kamachumu, mwanamke mkubwa mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani, miguu imevimba, pumzi fupi, moyo uliotanuka ambao Daktari alitaka kuuona kila baada ya miezi michache. Miaka ile ndiyo watu wetu walikuwa wanakonda na kufa, kwa UKIMWI, ugonjwa ambao mwanzoni tuliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka. Kila familia ilikuwa inazika. Mtu akipungua, jirani alihama benchi. Daktari alimwambia Ma Pelagia apunguze mwili ili moyo upumzike, naye akamcheka usoni. "Daktari, waitu, nikipungua kilo moja tu, Kamachumu yote itaanza kunichimbia kaburi. Na nani atakula chakula changu?" Alikuwa na njia yake ya kujilinda. Kila alipopigwa picha aliomba filamu, akaenda kuitundika dirishani kwenye hoteli yake, jua likipita katikati, ili kila anayeingia kula ayaone mapafu yake masafi. Wateja walisimama pale wakiikagua kama wanajua kusoma, halafu wakaagiza ndizi na maharage. Mwezi ule dada yake alikuwa amekonda na kufa, na wateja wakaanza kupungua. Alihitaji picha mpya, na aliihitaji iwe safi.

Alipangiwa siku ya Jumanne. Jumatatu mchana, wenzangu wote wako kwenye chakula, niliingia chumba cha eksrei. Nililowesha utepe wa Leonida kwa maji ya uvuguvugu mpaka gundi ikalegea, nikausogeza ili usome sentimita tatu zaidi, nikaubandika upya na kukata ncha iliyozidi. Kazi ya dakika kumi. Kisha nilikwenda kula. Kulikuwa na samaki, na nilikula vizuri. Jambo hilo linanisumbua kuliko mengine, kwamba nilikula vizuri. Mpango wangu ulikuwa mdogo: filamu moja iharibike, Sista aone, basi. Sikumfikiria Ma Pelagia hata kidogo. Kwangu alikuwa unene tu.

Jumanne Leonida alimpima, akasoma, akafungua daftari, akaweka namba, akabonyeza. Filamu ikatoka nyeusi tii, imeungua. Alipima tena, ubao ukamwambia vilevile, na kwa kuwa aliuamini ubao wake akaona kosa ni la dawa. Tukabadilisha dawa. Akapiga ya pili, nyeusi. Akaacha ubao, akakadiria kwa macho kama zamani, akashusha mno, ya tatu ikatoka nyeupe. Ya nne nayo nyeupe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kinga ya madini ya risasi, namwona Ma Pelagia kupitia kioo, amekumbatia sahani ya filamu, kanga imembana, anashika pumzi kila anapoambiwa. Ningeweza kusema baada ya ile ya kwanza. Ningeweza kusema baada ya ya pili. Kila mashine ilipolia nilijua nini kinapita mwilini mwake, maana mimi ndiye niliyesoma kitabu. Nilinyamaza. Wakati wa ya nne Sista aliingia na Daktari, akaziona filamu nne zinaning'inia, mbili nyeusi mbili nyeupe, akasema kwa sauti ya chini, "Leonida, toka hapo. Domitila, piga wewe."

Nikachukua ubao. Nikampima Ma Pelagia kwa utaratibu, nikasoma namba, nikatoa tatu kichwani, nikaenda kwenye daftari la Leonida mstari unaostahili, nikaweka mashine, nikabonyeza mara moja. Filamu ikatoka safi, moyo umejaa katikati na ukingo wake wote unaonekana. Daktari akasema hiyo ndiyo picha. Sista alinigusa bega. Leonida alikuja kusimama mbele ya mashine. Akatazama namba nilizoziacha pale, akatazama ubao, halafu akanitazama mimi, si kwa muda mrefu. Kisha akainama akaokota filamu zilizoharibika na kwenda kuziosha.

Ma Pelagia ndiye aliyekuwa na furaha kuliko sote. Kwa wagonjwa wetu wengi picha ilikuwa ni tiba, ile sauti ya mashine ndiyo iliyokuwa inavuta ugonjwa, na yeye alikuwa amepata tano. "Leo mmenihudumia," alituambia akijifunga kanga. "Siku zile mnanipiga moja tu mnanifukuza. Wakola waitu, asanteni wanangu." Jioni alimtuma mtu na mkungu wa ndizi kwa ajili yetu wawili. Mwaka uliofuata moyo wake ulisimama akiwa anapika, bado mnene, filamu yangu bado dirishani. Daktari alisema ni moyo tu, haukuhusiana na siku ile, na mimi naijua kazi hii kiasi cha kumwamini. Lakini alikuja kwa picha moja akaondoka na tano, na hizo nne ni zangu.

Jioni ileile ya Jumanne tulikula ebitoke za Ma Pelagia chumbani. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, Leonida alikuwa amekaanga wa kwake na akawamimina katika sahani moja kama kawaida, akachora mstari katikati kwa kidole, nusu yangu, nusu yake. Nilisubiri aseme. Aliniuliza kama chumvi inatosha. Nikasema inatosha. Kesho yake alimwambia Sista, mbele yangu, kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba hakukikagua kipimo kabla ya kuanza kazi. Sikuelewa kama anasema anachokiamini au ananipa nafasi. Nikachagua kutokuelewa. Mwisho wa mwaka Sista alinitaja mimi, nikaenda Moshi, na Leonida alinisindikiza mpaka kituoni amebeba sanduku langu kichwani.

Ungetarajia wivu uishe hapo, maana nilishinda. Haukuisha. Moshi nilikuwa wa pili darasani, na kila mtihani nilijua nani angekuwa wa kwanza. Nilirudi, nikapata kazi Bukoba, nikapanda cheo. Yeye alibaki Kamachumu miaka mingi, baadaye akaitwa mjini kuwafundisha vijana, bila cheti cha Moshi, na wakaguzi wakija walitaka kuzungumza naye. Tulipokutana sokoni aliniuliza habari za watoto wangu kwa majina yao. Nilikuwa narudi nyumbani nimekasirika siku nzima bila kumwambia mume wangu sababu. Nimeishi maisha aliyopangiwa yeye, na kwa namna ambayo siwezi kuieleza nilikuwa bado namwonea wivu kwa yale aliyobaki nayo.

Kwa hiyo mwezi uliopita nililala kwenye kitanda cha mashine, Mwombeki ananibandika nyaya kifuani, ananieleza kwa upole, kama ninavyojua alifundishwa kueleza. Alisema hatapiga kifua chote, atapiga kipande chenye moyo tu. Alisema kidonge alichonipa kimepunguza mbio za moyo, na mashine itatoa mionzi pale tu moyo unapotulia, si muda wote, kwa hiyo mwili wangu mkubwa utapata kidogo. Nikamuuliza, kwa sauti ya kujifanya sijali, huyo mwalimu wao alikuwa na masharti gani mengine. "Moja la ajabu," akasema. "Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, tunalinganisha kipimo na rula ya chuma. Hata utepe huu nimeulinganisha leo. Alikuwa na ubao wa zamani wa kasha la risasi, una utepe uliobandikwa vibaya. Hakuubandua. Aliandika tu pembeni kwa kalamu, toa tatu. Akatuonyesha, akasema kipimo kinaweza kuguswa."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kuyasema yote palepale nimelala chali. "Usiongee sasa, mama," akasema akielekea mlangoni. "Vuta pumzi, shika. Ukitikisika itabidi nirudie." Kurudia. Nikavuta pumzi, nikaishika, nikanyamaza ili isirudiwe. Pete ikazunguka, ikalia mara moja, ikatulia.

Alipokuja kunishusha nilimwambia. "Mwanangu, aliyeugusa ule ubao ni mimi."

Mwombeki hakushtuka. Aliendelea kubandua nyaya moja moja, taratibu, nisiumie. "Najua, mama. Nilisoma jina lako kwenye fomu."

"Alikutajia jina langu?"

"Mara moja tu, akiwa ameshaugua. Alisema umekuwa mnene sana siku hizi, iko siku utaletwa kwa picha ya moyo, pengine hapa kwangu." Akainamisha macho, akawa kama anayeona haya. "Akaniambia nisikukadirie kwa macho. Nikupime. Alisema unene wako wote uko chini, kifua bado ni cha msichana."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi na kijana wa watu akanifungia. Kumbe sokoni, alipokuwa akiniuliza habari za wanangu, alikuwa ananitazama kifua anakisia sentimita. Niliketi ukingoni mwa kitanda kile nikamwonea wivu Leonida, kuliko nilivyomwonea mwaka ule wote wa Kamachumu.